Viungo vya Kihindi: Jinsi Vilivyotufikia, na Kazi Vinayofanya Tumboni



Siku ya gulio kwetu Mbalibali, katika nchi ya Mara, ukipita penye wauzaji wa chumvi na sabuni utaona pia vifuko vidogo vya viungo vimepangwa juu ya turubai: manjano, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga, na pilipili nyekundu iliyosagwa. Wanawake huvinunua kwa ajili ya pilau ya arusi au ya sikukuu. Lakini wako wazee ambao hupita hapo wakitikisa kichwa, na mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Yeye alizoea kusema, "Vitu hivi ni vya Wahindi. Matumbo yao yamevizoea tangu kuumbwa. Sisi vitatutoboa." Wala hakusema hivyo kwa mzaha, maana tumbo lake lilikuwa likimwuma kwa muda wa miaka mingi.

Leo nataka kuyapima maneno yale ya mjomba wangu. Kwanza nitaeleza jinsi viungo hivi vilivyofika kwetu, kisha nitaeleza yanayotendeka mtu akiisha kuvimeza. Nawaomba mnisikilize hata mwisho, kwa kuwa jambo hili si la upishi tu. Ni la uzima na mauti pia, kama mtakavyoona.

Na tuanze na majina, maana mara nyingi jina la kitu hutuonyesha njia kilikopitia. Neno letu pilipili asili yake ni ya mbali. Katika Sanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, pippali ni jina la pilipili ndefu, mmea ulio wa jamaa moja na pilipili manga. Neno hilo lilipita kwa Waajemi na Waarabu, nasi tukalipata pwani. Na kwa njia nyingine likafika Ulaya, hata majina ya pilipili katika lugha nyingi za huko yametokana nalo. Kadhalika maneno chapati na achari yalivuka bahari pamoja na vyakula vyenyewe. Kila mwaka pepo za kaskazi zilisukuma vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni hata pwani yetu, na pepo za kusi zikavirudisha. Biashara hiyo ilikuwako zamani sana, kabla ya kuja Mzungu yeyote katika bahari hii.

Tunaye shahidi mmoja aliyekula chakula cha pwani siku zile. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331, kisha akaendelea Mombasa na Kilwa. Ameandika kwamba huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Watu walipokula tonge la wali, waliufuatishia wali huo kidogo cha vile vitu vikali na vichachu. Tena aliandika kwamba wenyeji wale walikuwa watu wanene, na mmoja wao aliweza kula chakula cha watu wengi. Hapo tunaona jambo la kwanza: mazoea ya kuchanganya wali na viungo vikali si ya juzi katika Afrika ya Mashariki. Yana umri wa karibu miaka 700, kwa uchache.

Lakini angalieni, pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hii pilipili nyekundu tuijuayo sisi. Haikuweza kuwa hiyo, kwa sababu wakati ule pilipili nyekundu ilikuwa ikiota katika bara la Amerika tu, na watu wa upande huu wa dunia hawakuwa na habari ya bara hilo. Columbus alifika huko mwaka 1492. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi, akapata rubani wa kumwongoza mpaka Calicut katika pwani ya Malabar, kwenye nchi ya pilipili manga. Mwaka 1510 Wareno wakauteka mji wa Goa. Ni katika karne hiyo ya 16 ambapo pilipili ya Amerika ililetwa na Wareno katika Bara Hindi, ikapandwa, ikapendwa, ikaenea kila mahali. Kabla ya hapo Wahindi walipata ukali wa chakula chao katika pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi.

Basi, maneno ya mjomba wangu yameanza kupungua nguvu. Hao Wahindi ambao yeye alidhani wameumbwa pamoja na pilipili, babu zao hawakuijua kabisa. Waliipokea kwa wageni, kama sisi tulivyopokea mahindi na mihogo, ambayo nayo ilitoka Amerika. Wala Mhindi hana tumbo la namna nyingine. Tumbo lake ni kama langu na lako. Tofauti ni mazoea.

Sasa tuone viungo hivi vilivyopanda bara. Zamani za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, Unguja ikawa nchi ya karafuu, na wafanyi biashara wa Kihindi wakakaa huko kwa wingi. Baadhi yao walifuata njia za misafara mpaka bara. Halafu mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika kwenye ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa wafanya kazi kama 32,000 kutoka Bara Hindi. Watu kama 2,500 kati yao walikufa, wengi wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Pamoja na reli yalikuja maduka. Mfanyi biashara mmoja maarufu, Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka mengi kutoka pwani hata Uganda. Na kutoka Kisumu vyombo viliweza kuvuka ziwa na kufika bandari za upande wetu, kama Musoma, na kutoka hapo bidhaa zikachukuliwa vijijini.

Wazee wetu wa Mara walikuwa wakila ugali wa ulezi na mtama, maziwa, nyama na mboga za majani. Ladha yao ilikuwa chumvi, na uchachu wa maziwa, na uchungu wa mboga. Si ajabu kwamba walipoonja mchuzi wenye pilipili na jasho likawatoka, walifikiri kuna kitu kinachounguza ndani. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Hata wataalamu wakubwa wa Ulaya na Amerika walifikiri vivyo hivyo, nami nitawaeleza.

Lakini kwanza tuwasikilize Wahindi wenyewe. Waganga wao wa kale walifundisha kwamba katika tumbo la mtu mna moto unaopika chakula mara ya pili, nao waliuita agni. Moto huo ukififia, chakula hukaa tumboni bila kuiva, na mtu hupata uzito na riahi. Kwa hiyo walitumia viungo kama kuni za kuuchochea. Walikuwa na dawa moja yenye vitu vitatu vikali, tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu, iitwayo trikatu, yaani vikali vitatu. Katika dengu na kunde walitia mvuje ili kuzuia riahi, na baada ya kula walitafuna shamari au iliki. Hawakuwa na darubini wala mizani ya maabara. Walifuata yale waliyoyaona kwa karne nyingi.

Katika Amerika daktari mmoja alipata nafasi ya kuchungulia tumbo la mtu aliye hai. Mwaka 1822 kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari William Beaumont alimtibu, naye akapona, lakini kidonda kiliacha tundu lililofika tumboni. Beaumont akafunga vipande vya chakula kwa uzi, akavitia katika tundu lile, akavitoa baada ya saa moja au mbili, akaandika alivyoona. Mwaka 1833 akatoa kitabu chake. Kitabu hicho kilitufundisha mengi ya kweli juu ya asidi ya tumbo. Lakini humo aliandika pia kwamba viungo vya kuchochea hudhuru tumbo zima. Mawazo ya namna hiyo yakashika mizizi. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieneza desturi ya kuwalisha wagonjwa wa vidonda vya tumbo maziwa na malai kila saa, na kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wale vyakula visivyo na ladha, waache pilipili, waache na mahangaiko ya moyo. Kwa hiyo mjomba wangu hakuwa peke yake. Alikuwa pamoja na madaktari wa dunia nzima.

Sasa twende pamoja na tonge, tangu kinywani hata utumboni, tuone kwa elimu ya siku hizi.

Katika pilipili nyekundu mna kitu kiitwacho kapsaisini. Kinywa chetu, na njia yote ya chakula, ina mishipa ya fahamu ambayo ndani yake mna vilango vidogo sana. Vilango hivyo kazi yake ni kutuonya juu ya moto. Hufunguka joto likipita kadiri ya digrii 43. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius wa San Francisco, pamoja na wenzake, waligundua kwamba kapsaisini hufungua vilango vile vile. Kwa uvumbuzi huo yeye alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Maana yake ni hii: mtu akila pilipili, ubongo hupokea habari ya moto, lakini moto haupo. Jasho hutoka, machozi hutoka, mate hujaa, na wala nyama ya kinywa haikuungua. Ni kama mtu aliyepiga mbiu ya moto kijijini wakati hapana nyumba iwakayo. Na kwa kuwa vilango hivyo viko mpaka mwisho wa utumbo, ndiyo sababu aliyekula pilipili nyingi huikumbuka tena kesho yake asubuhi aendapo chooni.

Jambo moja la kufaa hapa. Ukiwashwa na pilipili, maji hayakusaidii sana, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vema katika maji. Maziwa husaidia zaidi, kwa sababu mna vitu ndani yake vinavyoikamata na kuiondoa. Wahindi huandaa maziwa ya mgando pamoja na chakula kikali, na hata wale watu wa Mogadishu walifanya hivyo. Nasi wa Mara, ambao kibuyu cha maziwa ni mali yetu tangu zamani, tunayo dawa hiyo nyumbani.

Zaidi ya hapo, mate yanapojaa, chakula hulainika na wanga wake huanza kuvunjwa. Katika mji wa Mysore, Bara Hindi, wataalamu wa chakula waliwalisha panya viungo mbalimbali katika miaka ya 1990 na iliyofuata. Waliona kwamba baadhi ya viungo huliamsha ini litoe nyongo ya kuyeyusha mafuta, na vingine huliamsha kongosho litoe maji yake ya kuvunja chakula. Hao walikuwa panya, si watu, nasi tusipite mipaka ya ushahidi. Walakini ule usemi wa kale wa kuchochea moto haukuwa upuzi mtupu. Kwa habari ya tangawizi, majaribio kwa watu wenyewe yameonyesha kwamba hupunguza kichefuchefu, na huweza kulifanya tumbo litoe chakula upesi zaidi kwenda utumboni. Kwa mvuje ushahidi ni mchache zaidi. Hapo mwalimu mkubwa bado ni mazoea ya wapishi.

Sasa tumefika kwenye shitaka lenyewe: je, viungo hutoboa tumbo?

Katika mji wa Perth, nchi ya Australia, daktari Robin Warren alikuwa akitazama kwa darubini vipande vidogo vya nyama ya matumbo ya wagonjwa. Tangu mwaka 1979 aliona humo vijidudu vilivyopindika. Watu wengi waliamini kwamba hapana kijidudu kiwezacho kuishi katika asidi kali ya tumbo. Daktari kijana, Barry Marshall, akajiunga naye, wakajaribu kuviotesha vijidudu vile katika visahani, wakashindwa mara nyingi. Mwaka 1982, kwa ajili ya sikukuu ya Pasaka, visahani viliachwa kwa siku nyingi kuliko desturi. Waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Navyo sasa huitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe chenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa likaonekana limevimba ndani. Mwaka 2005 watu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vya tumbo, basi, chanzo chake ni kijidudu, ambacho huweza kuuawa kwa dawa.

Na pilipili je? Mwaka 1988 daktari David Graham na wenzake huko Houston, Marekani, waliwalisha watu wazima wenye afya vyakula mbalimbali, kisha wakatazama ndani ya matumbo yao kwa chombo chenye taa. Wengine walitiwa pilipili mbichi iliyosagwa, gramu 30, moja kwa moja tumboni. Haikuonekana jeraha. Lakini waliokula chakula kisicho na viungo pamoja na vidonge vya aspirini, matumbo yao yalionekana yamejeruhiwa. Basi aliyeshitakiwa aliachiliwa, na mkosaji alipatikana katika vidonge ambavyo kila mtu huvinunua bila hofu. Mpaka leo sababu mbili kubwa za vidonda vya tumbo ni kijidudu kile, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu.

Hata hivyo nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba viungo havina neno kwa kila mtu. Mwenye kiungulia huweza kuzidishiwa na mchuzi mkali, hasa akila sana usiku na kulala mara moja. Mwenye utumbo mwepesi huweza kuhara. Na mwenye kidonda tayari huweza kuumia akila pilipili. Lakini fikirini: ukitia chumvi juu ya kidonda cha mguu utalia, wala hutasema kwamba chumvi ndiyo iliyokukata. Mtu aache kinachomwumiza, lakini asidhani kwamba kwa kukiacha amekwisha jitibu.

Hilo ndilo lililompata mjomba wangu. Kwa miaka mingi aliyakataa mapilau yote, akanywa maziwa, akawa na sifa ya mtu mwenye kujihadhari. Lakini mgongo wake ulimwuma kwa kazi za jembe, na kila siku ya gulio alinunua vidonge vya kutuliza maumivu, akavimeza asubuhi na jioni, pengine kabla ya kula. Choo chake kikawa cheusi kama lami, asimwambie mtu. Hata usiku mmoja alitapika damu, tukamchukua hospitali. Huko alitiwa damu, akapimwa, akaonekana ana vijidudu vile pia. Alipewa dawa za kuua vijidudu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, akakatazwa vile vidonge vyake. Alipona. Siku moja nilipomweleza habari hizi zote alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi miaka yote hiyo nimemshitaki asiye na kosa, na mwizi nikamlaza nyumbani." Mpaka leo haipendi pilipili, wala simlazimishi, lakini hawatishi tena watoto kwa ajili yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina maneno matatu ya kuwaachia. La kwanza, mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma, asimalize miaka akihesabu vyakula vya kuacha, aende akapimwe. Kijidudu kile hujulikana kwa kupima kinyesi au pumzi, au kwa kutazama ndani ya tumbo kwa chombo, na dawa zake huchukua aghalabu siku 14, nazo lazima zimalizwe. La pili, mwenye kutapika damu, au choo cheusi kama lami, au anayekonda bila sababu, asingoje siku ya pili. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. La tatu, vidonge vya maumivu visinunuliwe kama pipi. Mwenye kuvihitaji kila siku amwulize daktari kwanza.

Na mama apikaye pilau ya arusi, apike kwa amani. Iliki yake, mdalasini wake na bizari yake vimesafiri mbali mpaka kufika Mbalibali, navyo havikuja kumtoboa mtu. Atie kwa kiasi, awatengee watoto na wagonjwa chakula kisicho kikali, na asiyependa asishurutishwe. Maana pilipili usiyoila yakuwashiani?

Kwa herini.